Nani Anatia Saini Leo? Nilivyonyoosha Taarifa za Viongozi Kitivoni

Nafanya kazi ya utawala katika ofisi ya mkuu wa kitivo, kwenye chuo kikuu kimoja cha umma hapa Nairobi. Jina la chuo litabaki kwangu, maana bado nakula ugali wa hapo. Nimeandika memo, nimeandaa vikao, nimefuata saini ghorofa hadi ghorofa lifti ikiwa imekwama, na msimamo wangu ni huu: sehemu kubwa ya habari zinazozungushwa baina ya viongozi wa chuo haimsaidii mtu yeyote kufanya kazi. Ofisi za chini zinataka kujua mambo matatu tu. Nani anatia saini leo? Kwa barua gani? Mpaka lini? Hayo yakijulikana, karatasi zinatembea. Yasipojulikana, hata profesa mwenye vitabu madukani atakaa akingoja masurufu ya safari ya Kisumu hadi kongamano lenyewe liishe.

Mwishoni mwa 2025 tulibadilishiwa viongozi karibu wote kwa mpigo. Muhula wa mkuu wa kitivo ulifika mwisho, wenyeviti kadhaa wa idara nao wakamaliza zamu zao, mwingine akaenda likizo ya utafiti. Na yote hayo yalitukuta tumetoka mgomoni. Vyama vya wafanyakazi, UASU cha wahadhiri na KUSU chetu sisi wafanyakazi wa utawala, viliitisha mgomo ulioanza 17 Septemba, ukasitishwa 5 Novemba baada ya kuafikiana jinsi serikali itakavyolipa shilingi bilioni 7.9 zilizobaki za mkataba wa mishahara wa 2017 hadi 2021. Mimi ni mwanachama wa KUSU, nilikuwa nje na wenzangu, na sijutii. Lakini karatasi hazikugoma. Nilizikuta mezani, na zilizokosa nafasi mezani zilikuwa kwenye kiti cha wageni.

Kilichonisumbua zaidi ya wingi wa karatasi ni jinsi habari zilivyokuwa zikisafiri. Kulikuwa na kundi la WhatsApp la wakuu na wenyeviti, na kila kitu kilipitia humo. Mtu anatuma picha ya barua ya uteuzi, imepigwa kombo, nambari ya kumbukumbu imekatwa, tarehe ya kuanza imezibwa na kidole. Chini yake zinamiminika hongera na mikono ya kupongeza. Kesho yake mhasibu ananipigia simu: "Dada, huyu aliyeidhinisha haya madai ni nani? Kwangu bado nina jina la yule wa zamani." Sina la kumjibu ila ile picha.

Kalenda ya masomo ndiyo iliyonimaliza. Baada ya mgomo ilibidi muhula urekebishwe, na kauli ya mwisho kuhusu kalenda ni ya Seneti ya chuo, chombo kikuu cha masuala ya masomo. Rasimu iliyojadiliwa na wakuu wa vitivo ilivuja kabla ya Seneti kukaa. Ikafuata rasimu ya pili yenye marekebisho. Kisha ikatoka ile iliyoidhinishwa. Zote tatu zilifanana kwa sura, zote zina nembo ya chuo, zote ziko kwenye simu za wahadhiri. Idara moja ikawatangazia wanafunzi tarehe za mitihani kutoka kwenye rasimu ya kwanza. Kiongozi mmoja wa wanafunzi aliingia ofisini ameshika simu, akaniuliza kwa heshima zote, "Madam, ya ukweli ni gani hapa?" Nilimwonyesha iliyo na nambari ya kikao cha Seneti, akaipiga picha, na nadhani siku hiyo yeye ndiye aliyeeneza taarifa sahihi kuliko ofisi zote za jengo letu.

Barua zinazogongana si ugonjwa wa kitivo chetu peke yake. Januari 2020 Baraza la Chuo Kikuu cha Nairobi lilimtangaza Profesa Stephen Kiama kuwa Naibu Chansela, yaani mtendaji mkuu wa chuo. Haukupita muda, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa George Magoha, akaufuta uteuzi huo, akalivunja Baraza na kumweka Profesa Isaac Mbeche kuwa kaimu, kisha mahakama ikaingilia kati. Mimi si mfanyakazi wa hapo, lakini niliwafikiria sana makatibu muhtasi. Asubuhi kama ile, barua ya chuo inachapishwa kwa jina la nani?

Basi nikaanza na yule mkuu wetu aliyekuwa akiondoka. Ripoti za makabidhiano nimezisoma nyingi. Kwa kawaida ni kurasa za mafanikio: tulianzisha shahada hii, tulipata wageni kutoka kule, tulipanda miti. Anayeingia hapati humo la kumsaidia Jumatatu asubuhi. Kwa hiyo sikumwomba aandike chochote. Nilikwenda na daftari, nikamwekea chai, nikamuuliza, "Prof, ukishaondoka, nani atakupigia simu wiki ijayo?"

Alicheka kwanza. Kisha akaanza kuwataja. Mwanafunzi wa uzamifu ambaye wasomaji wa tasnifu yake hawajarudisha ripoti. Mwalimu wa muda anayedai malipo ya mihula ambayo fomu zake ziliahirishwa. Mradi wa utafiti unaofadhiliwa kutoka nje ambao taarifa yake ya fedha inadaiwa. Programu inayopaswa kupelekwa kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Mwanafunzi aliyekata rufaa ya alama. Funguo za kabati la mitihani, ambazo ilibainika ziko kwenye droo ya nyumbani kwake. Tulipomaliza, daftari lilikuwa na ripoti ya makabidhiano halisi, nami nikaichapa, akaitia saini. Kabla hajaondoka nilimwomba saini nyingine moja, ya memo fupi kwa wenyeviti wote ikisema kwamba kuanzia sasa orodha ya wenye mamlaka ya kuidhinisha itatoka ofisini kwetu kila Jumatatu. Nilijua nikingoja kaimu aingie ndipo niombe, nitakuwa naomba kibali kwa mtu ambaye naye anatafuta kibali.

Ukurasa wenyewe ni mmoja tu. Jedwali: ofisi, jina, nambari na tarehe ya barua ya uteuzi, tarehe ya kuanza na ya kukoma, anachoruhusiwa kuidhinisha, na kama mfumo wa kompyuta umeshabadilishwa. Chini yake mistari michache ya maamuzi ya wiki yenye nambari ya kikao kilichoyapitisha. Hakuna pongezi, hakuna rambirambi, hakuna picha. Unakwenda kwa barua pepe rasmi kwa wenyeviti, ofisi ya msajili, ofisi ya fedha na masjala. Kwenye WhatsApp naandika tu kwamba taarifa ya wiki imetumwa, waitafute kwenye barua pepe.

Safu ya mfumo wa kompyuta niliiongeza baadaye kidogo, na leo ndiyo naithamini zaidi. Mtu anapata barua yake halali, anaketi kwenye kiti, lakini mfumo bado unapeleka maombi ya likizo na ya ununuzi kwa aliyeondoka. Wenye roho nzuri hutatua jambo hili kwa kumpa mrithi nywila yao. Kwa hiyo unakuta ombi limeidhinishwa na mtu aliyestaafu, saa tano usiku. Wakaguzi wa hesabu wakifika, hawatauliza nani alikuwa na roho nzuri. Sasa jina haliandikwi kuwa limekamilika hadi vijana wa kompyuta wathibitishe kwa maandishi kwamba haki za aliyetoka zimefungwa na za aliyeingia zimefunguliwa.

Kuhusu makaimu, hapo nilijisomea sheria. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya 2017 kinasema ukaimu usipungue siku 30 wala usizidi miezi 6. Barua ya kaimu ikifika, siku hiyo hiyo naweka tarehe ya mwisho kwenye kalenda yangu, na mwezi mmoja kabla yake naipelekea ofisi ya msajili kikumbusho. Yuko pia mtu mwingine, aliyeachiwa ofisi kwa siku chache mwenye cheo akiwa safarini. Huyo anaongoza kikao, anapokea barua, anatuliza wanafunzi. Kama barua aliyoachiwa haisemi kwamba anaweza kuidhinisha fedha, mimi simwandiki kwenye safu ya fedha. Mkubwa wa fedha zote za chuo kisheria ni Naibu Chansela, na kila anayeidhinisha chochote huku chini anafanya hivyo kwa sababu amekasimiwa kwa maandishi.

Kanuni ya ukurasa ni kwamba bila barua hakuna jina. Kanuni hiyo iliniletea msuguano na mzee mmoja, profesa anayeheshimika, aliyeteuliwa kuongoza idara. Alifika ofisini.

"Binti yangu, mbona sijaliona jina langu? Mimi nimepigiwa simu na mkubwa mwenyewe."

"Hongera sana, Prof. Barua ikinifikia leo, jina linaingia leo."

"Kwa hiyo unanitilia shaka?"

"Hapana, Prof. Ni mhasibu ndiye hajapigiwa simu."

Aliondoka bila kuaga. Wiki ile hakunisalimu kwenye ngazi, na mimi nikaendelea kumsalimu, kwa sababu nimelelewa hivyo na pia kwa sababu faili zake bado zingepitia kwangu. Kisha madai ya walimu wa muda wa idara yake yakarudishwa na ofisi ya fedha kwa kuwa aliyeyaidhinisha hakuwa na barua kwenye kumbukumbu zao. Siku mbili tatu baadaye nakala ya barua yake ilikuwa mezani kwangu ikiwa na nambari, tarehe na mhuri. Hakusema kitu, nami sikusema. Jina liliingia kabla ya saa sita.

Niseme pia kuhusu tarishi wetu, maana watu hudhani siku hizi kazi yake imekwisha. Ni mzee anayekaribia kustaafu, na anamjua kila katibu muhtasi kuanzia jengo la utawala hadi kampasi yetu ya nje, ambako foleni ya Waiyaki Way ikishika unaweza kula siku nzima. Kila Jumatatu anapeleka nakala ya karatasi kwa ofisi chache zenye uzito, na aliyepokea anatia saini kwenye daftari lake la barua. Nilipobuni utaratibu huu baadhi ya wenzangu walinicheka, eti narudi enzi za taipureta. Halafu mwenyekiti mmoja akadai kikaoni kwamba hakuwahi kujulishwa kuhusu mabadiliko ya msimamizi wa mitihani. Tarishi aliitwa, akaja na daftari, akalifungua polepole ukurasa hadi ukurasa huku kikao kizima kikimtazama. Saini ilikuwapo, ya mwenyekiti mwenyewe, si ya katibu wake. Barua pepe mtu anaweza kusema iliangukia kwenye takataka. Daftari la tarishi halina takataka.

Kuna lililonishinda hadi leo. Barua nyingi za uteuzi hutoka Ijumaa jioni, saa ambayo nusu ya jiji imeshapanda matatu, na zinaanza kutumika siku hiyo hiyo au hata tarehe iliyokwishapita. Nimeandika kuomba ziwe zinatoka angalau siku chache kabla ya kuanza kazi. Nilijibiwa kwamba maoni yangu yamepokewa. Kwa hiyo Ijumaa nachelewa kuondoka, na mwanangu amezoea kula peke yake siku hiyo.

Pia sikuweza kuizima WhatsApp, wala sikujaribu sana. Kwa jambo la dharura, kama maji yamekatika bwenini au mwanafunzi amepelekwa hospitali, hakuna njia iliyo haraka kuliko hiyo. Nilichoomba ni kwamba picha ya barua ikitumwa, nambari ya kumbukumbu ionekane. Wengi wanazingatia. Wachache bado wanapiga picha kidole kikiwa juu yake.

Mkuu mpya wa kitivo alipothibitishwa, nilimpelekea ukurasa wa wiki hiyo pamoja na daftari la makabidhiano. Aliusoma wima, mlangoni, akauliza kwa nini idara moja ina nafasi tupu. Nikamwambia barua haijafika. Akachukua simu, akampigia msajili papo hapo. Baadaye akapendekeza tuongeze picha za matukio na ujumbe wake wa kila wiki juu kabisa ya ukurasa. Nilimwomba hayo yaende kwenye jarida la kitivo, ukurasa ubaki ulivyo. Alikubali, ila akaagiza nembo ya chuo ikuzwe.