Chakula cha bibi sahi chataka pesa

Mamangu ana sukari. Juzi karudi kliniki kaambiwa apunguze chapati na mkate mweupe, ale samaki, kunde, mbaazi, mboga za majani, vyakula vya asili ati, tena nesi akaongeza kwamba watu sahi wavivu wa kupika. Mama akaniuliza, "Mwanangu, si ndicho chakula tulicholelewa nacho Mtongwe?" Ndicho. Babu alikuwa mvuvi, mnazi uko uani, mchicha nyuma ya nyumba, hakuna aliyetoa shilingi.

Sasa sisi tumepanga chumba Kisauni. Uwa wenyewe ni wa kuanikia nguo tu.

Hebu chukua mbaazi. Kibaba chenyewe si ghali, lakini zile kavu hata ukiziroweka usiku kucha zataka kuchemka saa mbili na zaidi, hapo makaa kopo moja limeisha waongeza la pili, halafu nazi mbili ndio upate tui la maana, na mume wangu alipwa kwa siku, siku hakuna kazi hakuna kitu. Viazi karai vya hapo nje vimeshapikwa, mtoto ala ashibe alale. Huo ni uvivu kweli? Mie lile neno liliniuma sana.

Na samaki ndio usiseme. Kusi ikivuma madau madogo hayaendi mbali, changu akipatikana bei yake ni ya mahoteli, sisi twabaki na dagaa.

Wala si sisi peke yetu. Kule Italia, kwenye samaki na kunde na mafuta ya zeituni, chakula chao cha asili chasifiwa dunia nzima, watafiti wa mradi wa Moli-sani mkoani Molise waliangalia watu zaidi ya 13,000 na mwaka 2012 wakaeleza kuwa wenye kipato kidogo ndio waliokifuata kidogo, na unene ulikuwa mwingi zaidi kwao. Yaani chakula cha kwao wenyewe, na mfuko ukawashinda!

Mie na majirani wawili tumeanza kuchanga. Jumamosi sufuria moja kubwa, jiko moja, mbaazi za nyumba tatu, kila mtu aja na bakuli lake. Mama ndiye akaa kwenye mbuzi akikuna nazi, hataki mtu amsaidie, na tui la kwanza alikamua mwenyewe. Samaki bado hatujui tutafanyaje, labda kusi ikitulia.