Siku Moja Maishani Mwangu: Kumtambulisha Mgombea wa Kwanza

Chuo kinapotangaza kwamba kinatafuta Naibu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia Taaluma, watu wengi hudhani kwamba kazi yote iko mikononi mwa wale wanaoketi mezani kuuliza maswali. Mimi siketi mezani. Ni mratibu wa usaili katika Idara ya Rasilimali Watu ya chuo kimoja cha jamii nchini Marekani. Sina kura, sipendekezi jina, na hakuna hati yoyote chuoni inayoonyesha ni nani niliyemwona anafaa. Ninachopaswa kuhakikisha ni kwamba waombaji watatu waliofika hatua ya mwisho wanatambulishwa kwa namna moja, wanaulizwa maswali yale yale, wanapewa dakika zile zile, na wanaondoka bila yeyote kati yao kuwa na sababu ya kusema alionewa. Ndugu zangu wakiniuliza ninafanya kazi gani, huwajibu kwamba ninapanga mikutano, kwa sababu maelezo kamili huwachosha kabla sijafika katikati.

Kwa asiyevifahamu vyuo hivi, ni vyuo vya umma ambavyo kwa sehemu kubwa hutoa masomo ya miaka miwili. Kikongwe kuliko vyote vilivyopo leo, Joliet Junior College, kilianzishwa Illinois mwaka 1901. Mlango wao uko wazi kwa karibu kila anayeomba, ndiyo maana darasa moja huweza kuwa na kijana aliyemaliza sekondari jana, mama anayejifunza uuguzi baada ya zamu ya usiku, na fundi anayetafuta cheti kipya. Baadhi huondoka na ufundi, wengine huhamia chuo kikuu kumalizia shahada ya kwanza. Naibu Mkuu wa Taaluma ndiye anayebeba yote haya: mitaala, ratiba, ajira za wahadhiri, na ripoti ndefu zinazoombwa na taasisi za ithibati. Akikosea, hakosi yeye peke yake.

Saa kumi na mbili asubuhi niko ofisini. Mgombea wa kwanza aliwasili jana usiku na hoteli imenithibitishia. Ninachapisha ratiba na kuhesabu fomu za maoni, kisha nahakikisha kwamba mkalimani wa lugha ya alama anajua ukumbi na kwamba fundi wa sauti amewasha vipaza sauti vyote viwili, kwani kimoja kina tabia ya kuzimika katikati ya sentensi.

Kabla ya saa moja unaingia ujumbe kutoka kwa mjumbe mmoja wa kamati, na hapo asubuhi yangu inaanza kuliwa. Utambulisho wa kila mgombea una urefu unaolingana na wa wenzake na mpangilio mmoja: cheo cha sasa, vyeo vilivyotangulia, shahada, na somo alilowahi kulifundisha. Hauna vivumishi. Huwezi kukuta humo “mashuhuri” wala “mwenye maono”, na nilitumia muda mrefu kuviondoa kwenye wasifu ambao wagombea wenyewe waliuleta ukiwa umejaa. Mjumbe huyu anaomba kwamba mgombea wa tatu, ambaye ni mwenzetu wa humu chuoni na kwa sasa anaikaimu nafasi hiyo, aongezewe maneno machache tu, “anayeheshimiwa na sote”. Namjibu kwamba haiwezekani. Anaandika tena kwamba ni ukweli mtupu. Namjibu kwamba huenda ni ukweli, lakini wawili wengine hawana mtu humu wa kuwaandikia ukweli wa namna hiyo. Hajibu tena, na ninajua kwamba mchana atapita mbele yangu bila kunisalimu.

Watu wa nje hawaujui ugumu wa mgombea wa ndani. Amezuiwa kuhudhuria mikutano ya wazi ya wenzake, na video za mikutano hiyo haziwekwi hadharani mpaka wote watatu wamalize, ili wa tatu asipate nafasi ya kusikia maswali aliyoulizwa wa kwanza na kuandaa majibu mazuri zaidi. Kila mara napokea barua pepe zinazouliza kwa nini tunaficha video. Hatufichi, tunachelewesha kwa makusudi, na sababu imeandikwa katika tangazo lile lile ambalo mwandishi wa barua hakulisoma hadi mwisho.

Saa mbili namlaki mgombea. Saa mbili na nusu hadi saa sita mchana anakutana na kamati, kisha wakuu wa idara, kisha wafanyakazi wa udahili na ushauri wa wanafunzi, nami nimeketi kando nikiangalia saa na kuwaonyesha wauliza maswali kadi ya njano muda unapokaribia kwisha. Chakula cha mchana anakula na viongozi wa wanafunzi, maana yake hali chochote. Kila anapoinua uma anaulizwa jambo. Kwa sababu hiyo huwa naweka dakika kumi na tano za faragha baada ya hapo, katika chumba chenye kufuli, maji na kitu cha kutafuna. Hakuna kipengele cha ratiba ninachokitetea kwa ukali kuliko hicho, na hakuna ambacho wakubwa hujaribu kukimega mara nyingi zaidi, kila mmoja akidai kwamba yeye ana neno moja tu la kumwambia mgeni.

Saa nane kamili ni mkutano wa wazi. Napanda jukwaani na kusoma utambulisho kwa sauti ile ile nitakayotumia kwa wawili waliobaki. Kwa wanaosikiliza ni dakika moja na ushee ya maneno makavu. Kwangu mimi ndiyo dakika ambayo kazi yote ilikuwa ikiielekea, kwa sababu mtu akitambulishwa vibaya, ukumbi humsikiliza vibaya.

Mada tuliyowapa wote watatu inahusu wanafunzi wanaopoteza krediti, yaani vipimo vya masomo waliyokwisha kufaulu, wanapohamia chuo kikuu. Mwanafunzi anaweza kumaliza hapa na krediti sitini, kisha chuo kikuu kikamwambia kwamba kimezipokea zote, ila baadhi yake zinahesabiwa kuwa masomo ya hiari ambayo shahada yake haiyahitaji. Krediti zipo kwenye karatasi na hazimsaidii kitu. Anarudia somo na kulipa mara ya pili. Mgombea alieleza vizuri kwamba mkataba wa jumla kati ya vyuo viwili hautoshi, na kwamba wahadhiri wa fani moja kutoka pande zote mbili wanapaswa kukaa pamoja na kulinganisha somo kwa somo. Maswali ya kwanza yalikuwa ya maana. Mhadhiri wa hisabati alimuuliza kuhusu masomo ya kuziba pengo, yale yasiyo na krediti ambayo wanafunzi walipangiwa kwa miaka mingi kutokana na mtihani mmoja wa kuingilia, hadi majimbo kama California yakabadilisha utaratibu huo kwa sheria ya mwaka 2017. Mhadhiri wa muda alitaka kujua iwapo watu kama yeye, wanaolipwa kwa kozi moja moja na wasio na ofisi, watakaribishwa kwenye vikao vinavyoamua mitaala wanayoifundisha.

Kisha akasimama Profesa.

Simtaji jina wala idara. Amefundisha chuoni muda mrefu, wanafunzi wanampenda, na anaamini kwamba kanuni za mikutano zimetungwa kwa ajili ya watu wengine. Swali linapewa dakika moja. Yeye alianza kwa shukrani, akapita kwenye historia ya manaibu wakuu aliowaona wakija na kuondoka, akaeleza jinsi kila mmoja alivyoleta mpango mpya, akawafanyisha watu kazi ya kuandika ripoti, akahamia cheo kikubwa zaidi kwingineko kabla mpango haujazaa chochote. Niliinua kadi ya njano. Aliiona, akanipungia mkono kwa upole, akaendelea. Niliinua nyekundu. Naye hapo alikuwa amefika kwenye jambo la kweli kabisa, jambo ambalo nusu ya ukumbi ilikuwa ikilitikisia kichwa, na hilo ndilo lililonichosha, kwa maana kumkatiza mtu anayesema uongo ni rahisi.

Akahitimisha hivi: “Kwa hiyo, Daktari, naomba nikuulize kama mwanafamilia. Una watoto wanaosoma? Mume wako yuko tayari kuhamia huku? Na unafikiria kustaafu lini?”

Nilishika kipaza sauti kabla mgombea hajafungua kinywa. “Profesa, nitaomba swali lako nilielekeze kwenye kazi yenyewe: mgombea atafanya nini ili mabadiliko atakayoyaanzisha yadumu hata baada yake?” Alisema hilo silo alilouliza. Nilimwambia najua. Alisema hapa sisi ni familia, na mtu anayekuja kuishi na familia hufahamika. Baadhi ya watu walicheka, wengine walianza kumwomba aketi, na mgombea mwenyewe, kwa adabu, akasema hana tatizo lolote kujibu. Nilimwomba asijibu.

Watu wengi hapa ndipo wanaponiona kama karani anayeshikilia karatasi zake kuliko utu. Basi na ieleweke. Sehemu ya saba ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa rangi, dini, jinsia au asili ya taifa. Sheria ya mwaka 1967 inawalinda wenye umri wa miaka 40 na kuendelea. Ile ya mwaka 1990 inayohusu watu wenye ulemavu inazuia hata kuuliza juu ya ulemavu kabla ya kutoa ofa ya kazi. Swali la Profesa kuhusu mume na watoto si lazima liwe kosa lenyewe kwa lenyewe, lakini mgombea akilijibu kisha akaikosa kazi, jibu lake limeshaingia vichwani mwa watu wanaojaza fomu za maoni, na hakuna atakayeweza kuthibitisha kwamba halikuhesabiwa. Hata akilijibu kwa hiari yake ni tatizo, kwa kuwa wawili wanaofuata hawataulizwa, na kamati itakuwa inawalinganisha watu ambao inawajua kwa viwango tofauti. Isitoshe, sijawahi kumsikia mgombea wa kiume akiulizwa kama mkewe yuko tayari kuhama.

Mgombea alijibu swali nililolielekeza, na lilikuwa jibu bora la siku nzima. Alisema mpango unaobeba jina la kiongozi huondoka na kiongozi, hivyo yeye angependelea mabadiliko yapitishwe na baraza la wahadhiri, yaandikwe kwenye kanuni za chuo na kutengewa bajeti, hata kama hilo litamchelewesha na kumnyima sifa. Profesa aliandika kitu kwenye daftari lake. Kwa kweli nilijisikia fahari, ingawa hakuna aliyekuwa na sababu ya kunitazama.

Baada ya mkutano Profesa alinisubiri kwenye korido. Alitaka kujua nani amenipa mamlaka ya kubadilisha swali la mhadhiri katika chuo cha umma, ambako uhuru wa taaluma ni msingi. Nikamweleza kwamba uhuru huo unamlinda darasani na katika utafiti wake, na kwamba katika usaili yeye ni sehemu ya mwajiri hata kama halipendi neno hilo. Akarudi kwenye manaibu wakuu wanaoondoka. Nikakubaliana naye kwamba ni malalamiko ya haki na nikampa fomu ayaandike. Akasema fomu hazisomwi. Nikamwambia ninazisoma zote mimi. Tuliendelea hivyo nimesimama juu ya miguu iliyokuwa ikiniuma, wakati mgombea alitakiwa awe tayari njiani kwenda kwa mkuu wa chuo, na mwanafunzi mmoja msaidizi akalazimika kumpeleka badala yangu.

Sehemu iliyobaki ya alasiri sikumbuki vizuri mpangilio wake. Kulikuwa na matembezi kwenye maabara mpya ya uuguzi, kulikuwa na mtu wa mawasiliano aliyetaka picha, na kulikuwa na mkazi wa jirani aliyepiga simu akitaka majina ya waombaji wote ambao hawakufika hatua ya mwisho, kwa hoja kwamba kodi yake ya majengo ndiyo inayokiendesha chuo. Kodi yake kweli inachangia. Majina siwezi kumpa. Mgombea aliagana nami jua likielekea kuzama, akanishukuru kwa zile dakika kumi na tano za chumba chenye kufuli kuliko kwa jambo jingine lolote.

Usiku ndio wakati wa fomu. Kila moja inauliza mambo mawili tu: nguvu za mgombea na mashaka uliyo nayo juu yake. Haiulizi umpe nafasi ya ngapi, kwa sababu kamati yetu hupeleka kwa mkuu wa chuo maoni juu ya wote watatu bila kuwapanga. Mkuu huchagua na bodi ya wadhamini huidhinisha. Yapo maandishi ya busara kuhusu krediti na wahadhiri wa muda. Lipo linalosifu viatu, na lipo linalolalamikia lafudhi. Ya viatu na lafudhi nayaweka kwenye faili tofauti linalokwenda kwa mkuu wa idara yangu, wala hayafiki kwenye kamati. Fomu ya Profesa imo pia, kurasa mbili, mwandiko mzuri. Ukurasa wa kwanza ni juu yangu, nao pia unakwenda kwa bosi wangu. Wa pili unasema kwamba mgombea huyu ndiye wa kwanza kumjibu swali lake, na huo naupeleka kwenye kamati kama ulivyo.

Mgombea wa pili anatua saa nne usiku. Dereva ana namba ya ndege, utambulisho umeshachapishwa, na yule fundi ameahidi kubadilisha kile kipaza sauti kabla ya asubuhi.