Nilivyoupata mlio wa vinanda vya 1983 nikiwa Umoja, Nairobi

Mjomba wangu aliuza kaseti River Road miaka ya 1980, na sanduku moja lililobaki ndilo lililonilea. Limejaa sinthi-popu ya Uingereza: vinanda vya umeme, ngoma za mashine, waimbaji wenye huzuni tamu. Nilitamani wimbo wa mlio ule ule, ila wa Kiswahili. Vinanda vyenyewe sina uwezo navyo, kwa hiyo nikaingia kwenye programu ya akili mnemba ya kutunga muziki.

Mara ya kwanza niliiandikia tu "sinthi-popu ya miaka ya 1980". Ikanitolea wimbo safi mno, wenye besi nzito ya klabu za leo. Nikataja vinanda kwa majina. Wapi! Basi nikaiacha, nikavaa hedifoni na kusikiliza zile kaseti jioni tatu mfululizo, nikijiuliza kila sauti inafanya nini hasa.

Chukua Juno-60, kinanda cha kampuni ya Roland, iliyotoka 1982. Haipigi zaidi ya noti 6 kwa wakati mmoja, na kila noti ina chanzo kimoja kikuu cha sauti. Upana wake unatoka kwenye korasi iliyomo ndani: sauti inanakiliwa, nakala inacheleweshwa kidogo sana, na ucheleweshaji wenyewe unapanda na kushuka. Ndiyo maana inayumba kama taa juu ya maji. DX7 ya Yamaha, ya 1983, ni kiumbe kingine kabisa. Humo wimbi moja linatikisa jingine, na kinachotoka ni kengele kavu, kama kijiko kwenye glasi. Napenda zote mbili, lakini ukiziweka pahali pamoja wakati mmoja zinapigana.

Nikaandika upya, bila jina la kinanda hata moja: midundo 116 kwa dakika, besi ya noti fupi zinazorukaruka, kinanda kipana kinachoyumba polepole kwenye ubeti, kengele ya kioo kwenye kiitikio pekee, ngoma yenye mwangwi unaokatwa ghafla. Jaribio la kumi na moja lilinisimamisha kitini.

Kiswahili kilinitesa zaidi. Mashine ilikuwa ikiweka mkazo kwenye silabi ya mwisho, "usiKU" badala ya "uSIku", na "zang'aa" ikawa "zangaa". Nikarudufisha irabu, "usiiku", ikatii. "Zang'aa" niliibadilisha kuwa "zameremeta", na kusema kweli mstari ukawa mzuri kuliko wa kwanza.

Bado wimbo ulikuwa mng'avu kupita kiasi. Nikatenganisha sauti, nikaitupa besi ya mashine na kuipiga mwenyewe kwa kinanda kidogo cha USB. Kisha nikabeba kompyuta hadi kwa Mjomba. Tukaunganisha waya kwenye deki yake, tukarekodi wimbo wote kwenye kaseti, halafu tukaurudisha kwenye kompyuta. Utepe ulilainisha sauti za juu na kuongeza ule mvumo mdogo ambao hakuna maelezo yangu yaliyowahi kuupata.

Mjomba alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa. Halafu akaitoa kaseti, akaigeuza, akaitazama.

"Na upande wa pili, mwanangu?"

Niko wimbo wa tatu sasa.