Mzingo wa nyotamkia ya mbali: usiuamini kabla mwaka haujaisha

Nyotamkia iliyo mbali mara 25 ya umbali wa Dunia na Jua, ikiwa upande wa anga ulio kinyume cha Jua, husogea kama sekunde 6 za tao kwa saa (sekunde moja ya tao ni 1/3600 ya digrii). Sehemu kubwa ya mwendo huo si yake. Ni Dunia inayokimbia kilomita 30 kwa sekunde, nayo nyotamkia huonekana kurudi nyuma kama miti kwa aliye ndani ya basi. Ndiyo maana vipimo vya mahali ilipo angani vya siku chache hukadiria umbali kwa shida, na kuhusu kasi ya kulikaribia Jua havisemi karibu chochote.

Programu ya kukokotoa mizingo kama Find_Orb itakutolea namba zote sita za mzingo hata kwa vipimo vya usiku tatu. Usizikubali. Sogeza kipimo kimoja kwa sekunde 0.3 ya tao, kokotoa upya, uone tarehe ya kulipita Jua inavyoruka kwa miaka. Mwanzoni funga uduaradufu (namba ya umbo la mzingo: chini ya 1 umefungika, juu ya 1 uko wazi) kwenye 1, yaani parabola, zibaki namba tano za kutafuta. Ukiuacha huru utaletewa haipabola ya ajabu, yaani mzingo ulio wazi, na hiyo ni makosa ya vipimo yaliyovaa sura ya mzingo.

Saa ya kamera si tatizo hapa: kosa la sekunde moja ya wakati halifiki hata sekunde 0.002 ya tao. Tatizo ni kitovu cha nuru ya nyotamkia, ndicho unachokipima. Koma, yaani wingu la gesi na vumbi linaloizunguka, huvimba upande wa mkia na kukivuta kitovu, kwa hiyo pima kwa duara dogo, na rundika picha ukifuata mwendo wa nyotamkia yenyewe. Kisha tazama eneo lilelile katika picha ya usiku mwingine. Nyota hafifu iliyojificha chini ya koma huharibu kipimo bila kuacha dalili yoyote.

Dawa ni muda. Kwa mwaka mmoja paralaksi, yaani kuhama kwa nyotamkia angani kunakotokana na Dunia kulizunguka Jua, huchora kitanzi chenye upana wa digrii 4.6 hivi. Mwaka unaofuata, nyotamkia ikiwa imeanguka kuelekea Jua, kitanzi hufikia karibu 4.9. Kutanuka huko ndiko kunakokupa kasi ya kuanguka, na hakuna hesabu inayoweza kuipata kasi hiyo kwa vipimo vya wiki moja.

Njia ya mkato ni picha za zamani. Nyotamkia C/2017 K2 iligunduliwa Mei 2017, lakini ilikutwa tayari katika picha za 2013 za darubini ya Canada-France-Hawaii Telescope, ikiwa umbali wa mara 23.7 hivi. Tao la vipimo, yaani muda kati ya kipimo cha kwanza na cha mwisho, likawa la miaka minne mara moja.

Ukipata uduaradufu wa 1.0005, usitangaze mgeni kutoka nyota nyingine. Jua lenyewe huyumba kuzunguka kitovu cha uzito cha mfumo wote, hasa kwa sababu ya Mshtarii, kwa hiyo namba hiyo hubadilika kufuatana na tarehe ya hesabu. Rudisha mzingo nyuma, sayari zote zikiwemo, hadi umbali wa mara 250, upime kutoka kitovu hicho, ndipo usome 1/a, ambapo a ni nusu ya mhimili mrefu wa mzingo kwa kipimo hichohicho cha umbali wa Dunia na Jua. Ikiwa chanya na chini ya 0.0001, chimbuko ni wingu la Oort, ghala la nyotamkia lililo mbali sana pembezoni mwa mfumo wa Jua. Ila isome pamoja na kosa lake: 0.00004 yenye kosa la 0.00006 bado haijakuambia kama mzingo umefungika au uko wazi.