Agizo la Oktoba kwa hesabu za Julai

Mgonjwa wa kipindupindu mwenye kilo 60, aliyekaukiwa kabisa, anahitaji lita 6 za dripu ya Ringer ndani ya saa 3. Ni chupa 12 za nusu lita, na hapo hujamgusa mwenzake waliyepakizwa naye bodaboda moja. Zahanati yetu huku Simiyu, wakati wa kiangazi, inaweza kumaliza mwezi bila kufikisha chupa hizo.

Sasa, dawa tunaagiza kwa kuangalia matumizi ya nyuma: mmetumia ngapi, zimebaki ngapi, basi mtapewa kadhaa. Kwa panadol na dawa za presha sina ugomvi na hesabu hiyo. Lakini kwa ugonjwa unaofuatana na mvua, agizo la Oktoba linapangwa na ukavu wa Julai.

Na si kwamba hatukuambiwa. Agosti 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza vuli ya mvua nyingi, ya El Niño, na redio zikarudia mpaka watoto wakaanza kutaniana nayo. Wakulima wakapanga upya mashamba yao. Stoo yetu ikabaki vilevile, maana kwenye fomu hakuna mahali pa kuandika kwamba mvua inakuja.

Ikaja. Vyoo vya shimo vikafurika, maji yake yakaingia lambo lilelile watu wanalochota ya kunywa. Korongo likajaa, gari la wilayani likaishia ng'ambo. Wagonjwa wakaanza kufika, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiibana inabaki imesimama. Mzee mmoja tulimtafuta mshipa kwa tochi ya simu, mkono huu, mkono ule, tukaupata mguuni. Chini ya kitanda chake, kile chenye tundu katikati, ndoo ilikuwa inajaa kitu cheupe kama maji yaliyooshewa mchele.

Dripu zilipopungua, yeyote aliyeweza kumeza tulimpa ORS, ile dawa ya chumvi na sukari inayokorogwa kwenye maji ya kunywa. (Wengi hupona kwa ORS peke yake, ila nenda ukawaambie ndugu wanaodai "dokta, mtundikie dripu".) Mke wa yule mzee alikuja kumnywesha kijiko kwa kijiko usiku kucha, akitapika anasubiri kidogo, anaanza tena. Yule mama alifanya kazi ya manesi wawili.

Wenzetu Malawi yaliwakuta makubwa zaidi. Kipindupindu kilianza 2022 baada ya dhoruba Ana, kikaua zaidi ya watu 1,700, na kabla hakijaisha kimbunga Freddy kikapiga Machi 2023. Akiba ya dunia ya chanjo nayo ilikuwa imepungua, hata Oktoba 2022 ikaamuliwa watu wapewe dozi moja badala ya mbili. Kumbe hata huko juu stoo hukutwa haijajiandaa.

Siku hizi taarifa ya msimu ikitoka, tunamfuata mfamasia wa wilaya. Ringer, ORS na klorini vinavushwa korongo kungali kukavu, kwa makubaliano kwamba visipotumika vitahamishiwa hospitali kabla ya kuisha muda. Mkaguzi aliyepita aliuliza kwa nini tuna dripu nyingi kuliko matumizi yetu. Nikamwonyesha utabiri wa mvua. Akausoma wote, akanirudishia, akaandika: "Akiba imezidi kiwango."