Koti juu ya sanamu

Mwaka 2006 nilikuwa mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, mtoto wa Bukoba nimevukia Mutukula na begi langu moja. Siku hiyo natoka Wandegeya kula rolex (ile chapati ya mayai, sio saa jamani), mvua ikanikuta njiani, nikakimbilia maktaba kuu nimeloa chapachapa. Viti hamna. Pale kilimani walianza mwaka 1922 na vijana 14 wanafundishwa useremala na ujenzi na ufundi mitambo, ila miaka ya 90 wakafungua mlango kwa wa kujilipia wenyewe, idadi ikapaa mpaka makumi elfu, sasa wewe njoo saa nane mchana eti utafute kiti.

Kulikuwa na ligogo kubwa limesimama mle ndani, limechongwa mtu, kila siku nalipita. Nikatundika koti langu pale kwenye kama bega, linachuruzika maji, nikakaa sakafuni chini yake nikafungua daftari. Simu ikaita, mama, tukaanza story kwa Kiswahili, na mimi nikipiga simu sauti haina breki.

Kuinua macho, mzee mmoja mfanyakazi wa mle kasimama mbele yangu. Kalishika koti kwa vidole viwili kama kaokota panya.

"Ssebo. Huyu ni mtu."

Kiswahili! Kampala ile wazee wengi ukiwaongelesha Kiswahili wananuna, kwao ni lugha ya wanajeshi. Nikamwomba radhi, nikamuuliza mzee umejifunzia wapi. Akasema rodibuloku, vile vizuizi vya wanajeshi barabarani. Ukichelewa kujibu unakula kitako cha bunduki.

Ndo akanionyesha, hapa mguu haupo, angalia. Mchongaji ni Francis Nnaggenda, mwalimu wa palepale, alimchonga miaka ya 80 vita vya Luweero vikiendelea, vile vya waasi wa Museveni na serikali ya Obote, jina lake Mhanga wa Vita. Kapungua viungo ila kasimama wima. Nikaona aibu sana, maana shule ya sanaa iko palepale kampasi, ile aliyoianzisha Margaret Trowell, hata Sam Ntiro wetu wa Kilimanjaro kasomea na kufundisha hapo, na mimi mwaka mzima na ushee sijawahi kutia mguu kuona hata picha moja.

"Wewe wa Tanzania?"

"Ndiyo mzee." Halafu sijui nini kilinituma, nikamwambia baba yangu mdogo alikuwemo kwenye jeshi letu lililoingia Kampala Aprili 1979 kumng'oa Idi Amin.

Akanyamaza. Nikatoa leso nikaanza kukausha maji kwenye mti, kumbe una mikwaruzo mikwaruzo ya patasi ukiupapasa, na yeye akavuta mkono wa sweta lake akawa anafuta upande wa pili.

"Baba mdogo alirudi?"

"Alirudi."

"Na miguu yote?"

"Yote miwili."

"Eee," akasema, akaendelea kufuta.