Siku moja na Furu, paka wa sukari (Kirumba, Mwanza)

Saa 12:20 asubuhi

Alamu sina haja nayo, Furu mwenyewe anapanda kifuani analia njaa. Ni dume, amehasiwa, zamani alikuwa bonge la paka kweli kweli, alafu akaanza kukonda huku anakula vilevile, maji anamaliza bakuli zima, mchanga wake wa kukojolea unalowa chapachapa, mwisho miguu ya nyuma ikawa inakanyagia visigino. Dokta wa mifugo alivyosikia hiyo ya visigino akapima damu hapohapo, na ndo kisukari kikaonekana.

Kabla ya chakula napima sukari. Kitambaa nachovya maji ya moto nakikamua, nalishikia sikio kidogo damu ije, naweka pamba kwa nyuma nisijitoboe kidole, kisha natoboa pale pembeni kabisa kuna kamshipa. Tone dogo tu linatosha, stripu, kile kijikaratasi cha kupimia, inanyonya yenyewe. Leo 16.8 (milimoli kwa lita). Iko juu, ila sishtuki, dawa ya jana usiku inaelekea kuisha nguvu.

Mashine ya kupimia ni ya bibi, naye ana sukari ila yuko kwenye vidonge. Kwa paka hizi mashine za watu husoma chini kidogo ya ukweli, maana sukari ya paka karibu yote ipo kwenye maji ya damu, kwenye chembe nyekundu ipo kidogo sana, sisi yetu imegawanyika zaidi. Dokta analijua hilo, kwahiyo namba zote nampelekea za mashine hii hii, hatuchanganyi na nyingine.

Saa 1 kamili

Chakula kwanza. Mnofu wa sangara wa kuchemsha, maini kidogo, mchuzi bila chumvi wala kitunguu. Ugali na maziwa tulishaviacha, ingawa bibi bado anamwonea huruma. Namsubiri ale, nikishaona anakula kweli, sio kulambalamba, navuta yuniti 2 za glajini, ndo insulini yake, nabana ngozi ya ubavuni, nachoma. Hata kichwa hainui. Watu wakisikia paka anachomwa sindano mara mbili kwa siku wanadhani kuna vita hapa ndani, wala, sindano ndo kitu chepesi kuliko vyote.

Mabomba ya sindano nayo angalia. Glajini ni U-100, yaani yuniti 100 kwenye kila mililita, lakini kuna insulini za wanyama ambazo ni U-40, yuniti 40 kwa mililita, na zina bomba zake. Ukichukua bomba la U-40 ukavutia dawa ya U-100 mpaka alama ya 2, umempa yuniti 5 hapo, paka wa kilo nne unaweza kumpoteza mchana huohuo. Kila nikinunua nasoma maandishi palepale kaunta, muuzaji anune tu.

Naandika kwenye kaunta buku: saa, sukari, amekula kiasi gani, yuniti. Sindano iliyotumika inaingia kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye mfuniko, sio jalalani, watoto wa huku wanaokota kila kitu.

Saa 3 mpaka saa 6

Kibandani, mimi ni wakala wa miamala, kutoa kuweka kutoa kuweka. Jamaa mmoja anasubiri meseji yake iingie ananiuliza, "Kaka, kweli insulini unampa paka na watu hawana?" Nikamwambia dawa nanunua kwa hela yangu famasi, paka anatumia yuniti 4 tu kwa siku, na chupa ya mililita 10 ina yuniti 1000. Akacheka akaondoka. Swali lake halina ubaya, mi mwenyewe nikimwangalia bibi najiulizaga.

Saa 7 mchana

Nafunga kidogo nakimbia nyumbani, ni karibu. Sukari ya paka hushuka chini kabisa saa kadhaa baada ya sindano, kwa Furu ni mida hii. 6.1. Safi sana. Ingekuwa chini ya 3.5, au nimkute anayumba, amelegea, anatetemeka, chakula mbele na asali ya Tabora kwenye fizi, alafu simu kwa dokta. Chupa ya asali iko juu ya friji na bibi anajua kazi yake.

Umeme hakuna. "Mume wangu, dawa nimeshaiweka mtungini," bibi ananiambia, na kweli kaifunga kwenye mfuko mkavu kaiweka kwenye mtungi wa maji ya baridi. Iliyofunguliwa inavumilia mpaka nyuzi 30, kinachoiua ni jua na barafu, kwahiyo hata friji likiwaka siiweki karibu na kigandishio.

Saa 10 jioni

Mwaloni, sokoni kwa samaki, nanunua mapanki (mifupa ya sangara iliyoshatolewa minofu) ya kuchemshia mchuzi, mifupa nachuja yote. Dagaa pia, za kupika. Mbichi simpi, samaki wabichi wengine wanaharibu vitamini B1.

Saa 1 usiku

Hapa sasa. Sukari 13.9, naweka chakula, Furu ananusa anageuka. Nasogeza bakuli, ananiangalia tu. Mwenye paka wa sukari anaelewa huo moyo unavyodunda, maana dawa ikiingia na tumbo tupu sukari inaporomoka, na usipompa kabisa siku nzima mbili mwili unaanza kuunguza mafuta, tindikali inajaa kwenye damu, nayo inaua. Bomba nililirudisha mezani bila kuvuta kitu.

Nikampigia dokta simu. "Mdogo wangu, usimchome bado. Mpe nusu saa, mpashie kitu chenye harufu, ametapika?" Hajatapika. Bibi akachemsha dagaa, nyumba nzima ikanuka ziwa, Furu akaja mwenyewe jikoni akala zaidi ya nusu bakuli. Dokta akasema basi mpe dozi yake, kuchelewa kidogo sio kesi, angegoma kabisa tungepunguza au kuruka na kesho asubuhi nimpeleke. Na ukiruka usije ukafidia kwa kumpa mara mbili. Saa 1:40, yuniti 2, nimeandika na sababu pembeni.

Saa 4 usiku

Nahesabu stripu. Kesho ni siku ya kupima kila baada ya masaa mawili kutwa nzima, dokta anataka mchoro mzima kabla hajaamua kama dozi inabaki au inabadilika, namba moja haimtoshi. Stripu zilizobaki hazifiki jioni, itabidi nipite famasi mapema kabla ya kufungua kibanda, na za bibi sizigusi.